Ngoma ya Vidunda na Daftari la Fizikia

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kisha hufika mji mdogo wa Mikumi, ambapo njia nyingine huchepuka kuelekea kusini. Aifuataye njia hiyo hupita Kidodi na Ruaha mpaka Kidatu, penye mashamba ya miwa na bwawa la umeme lililojengwa katika miaka ya 1970. Mkono wake wa kulia humwandama safu ya milima ya Vidunda. Wenyeji wa milima hiyo, Wavidunda, ni majirani wa Wasagara na Wahehe, na lugha yao ni miongoni mwa zile lugha za Kibantu za mkoa wa Morogoro ambazo wasemaji wake si wengi. Magazetini Vidunda hutajwa kwa nadra, na hutajwa zaidi kwa habari za mafuriko au za tembo waliovamia mashamba. Katika makala haya itatajwa kwa sababu ya ngozi ya mbuzi.

Nia yetu ni kuichunguza ngoma kama chombo cha fizikia, na papo hapo kulijibu swali ambalo walimu wa sekondari huulizwa na wazazi karibu kila mwaka: je, mtoto aliyeingia katika kikundi cha ngoma, kwaya au bendi ya shule anapata kitu, au anapoteza wakati?

Mzazi aliyeniuliza swali hilo ni mkulima wa miwa aishiye chini ya milima hiyo. Sitalitaja jina lake, maana hakuniomba nimtangaze. Elimu yake ya darasani iliishia darasa la saba. Baba yake alikuwa fundi wa kuwamba ngoma, naye mwenyewe aliijua kazi hiyo tangu utotoni, ingawa kwa miaka mingi hakuna aliyemwita kuifanya. Shughuli nyingi za kijijini siku hizi hupigiwa vipaza sauti vya kukodi. Binti yake alikuwa kidato cha nne, na alikuwa mpigaji wa ngoma kubwa katika kikundi cha shule kilichokuwa kikijiandaa kwa mashindano ya UMISSETA. Wiki chache kabla ya mashindano ngozi ya ngoma hiyo ilipasuka. Hapakuwa na mtu shuleni aliyejua kuiwamba upya, na fedha za kununua nyingine hazikuwapo. Binti akamwambia mwalimu wake: baba anajua.

Nilikuwa huko likizoni, na mwalimu wa fizikia, ambaye tunafahamiana, akanialika nishuhudie. Yule mzee alikuja na ngozi iliyolowekwa majini usiku kucha, na nyundo, na vijiti vya kupigilia ubavuni mwa mzinga. Darasa zima lilitoka nje likamzunguka. Mwanafunzi mmoja akamwuliza kwa nini asiiwambe ngozi ikiwa kavu, kwani haitakuwa imekwisha kukakamaa tayari?

"Ngozi kavu haiwambwi, mwanangu," akajibu bila kuinua macho. "Ngozi kavu ina kiburi. Hii yenye maji inasikia."

Mwalimu wa fizikia alinitazama, nami nikamtazama. Ndani ya jibu hilo mlikuwa na somo la vipindi viwili.

Ngozi ya mnyama imesukwa kwa nyuzi nyembamba za protini iitwayo kolajeni. Nyuzi hizo zikiloa maji hujaa na kuteleza zenyewe kwa zenyewe, ndipo ngozi ikakubali kuvutwa na kufuata umbo la mdomo wa mzinga. Maji yakitoka, nyuzi hukaribiana na kushikana, na ngozi hutaka kusinyaa. Lakini pembeni imeshikwa na vijiti, haiwezi kurudi. Kwa hiyo hamu yake ya kusinyaa hugeuka kuwa mkazo. Hivyo fundi huikaza ngoma kwa nguvu ya mikono yake kwa kiasi kidogo tu. Kazi kubwa humwachia jua na upepo. Ndiyo sababu yule mzee alisisitiza kwamba ngoma ikaushwe kivulini kwa siku kadhaa. Juani upande mmoja hukauka kabla ya mwingine, mkazo ukawa si sawa, na sauti ikawa na chongo. Neno hilo la chongo ni lake. Mimi sikupata bora zaidi yake.

Sasa tuitazame sauti yenyewe. Ngozi ikipigwa hutetemeka, na idadi ya mitetemo yake kwa sekunde moja huitwa masafa, ambayo hupimwa kwa hezi. Masafa makubwa hutupa sauti nyembamba, masafa madogo sauti nene. Mambo matatu huyaamua: upana wa ngozi, mkazo wake, na uzito wake kwa kila sentimita ya mraba. Ngozi ile ile, kwa mkazo ule ule, ikiwambwa juu ya mzinga wenye kipenyo mara mbili, masafa yake hupungua yakawa nusu. Mkazo hufuata kipeuo cha pili: atakaye masafa mara mbili hana budi kuongeza mkazo mara nne. Uzito hufanya kinyume chake: ngozi yenye uzito mara nne hutetemeka kwa nusu ya masafa. Kwa hiyo chapuo, iliyo ndogo na yenye ngozi nyepesi, husema kwa sauti ya juu, na vumi, iliyo pana na nzito, hunguruma chini yake. Wapigaji wa pwani na bara waliyajua haya kabla ya kanuni kuandikwa, na waliyajua kwa usahihi wa kutosha kujenga familia nzima za ngoma zinazopatana.

Jambo la moto linahitaji maelezo kidogo, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Ukiwauliza kwa nini ngoma huoteshwa moto kabla ya kupigwa, watakujibu kwamba joto huifanya ngozi itanuke. Wangekuwa wakizungumza juu ya waya wa chuma wangekuwa wamesema kweli, na sauti ya waya huo ingeshuka. Sauti ya ngoma hupanda. Sababu ni kwamba kazi kuu ya moto hapa ni kuufukuza unyevu. Unyevu ukiondoka, mkazo huongezeka, na wakati huo huo ngozi yenyewe hupungua uzito. Mambo yote mawili huyasukuma masafa upande mmoja, yaani juu. Tuchukue mfano wa hesabu. Mkazo ukiongezeka kwa asilimia 44, kipeuo cha pili cha 1.44 ni 1.2, na masafa hupanda kwa asilimia 20, ambayo ni zaidi kidogo ya nusu-toni tatu katika ngazi ya muziki. Sikio lolote linaitambua tofauti hiyo. Kisha ngoma ikipigwa katika umande wa usiku huanza kunywa unyevu tena, na ndiyo maana katika ngoma ya mkesha moto hauzimwi.

Liko jambo la ndani zaidi. Uzi wa zeze ukipigwa hutoa masafa yake ya msingi pamoja na masafa mengine yaliyo mara mbili, mara tatu, mara nne yake, na kuendelea. Kwa kuwa hesabu hizo ni kamili, sikio huziunganisha likasikia sauti moja iliyo wazi. Ngozi ya duara haina utaratibu huo. Masafa yake yanayofuata ule msingi ni takriban mara 1.59, mara 2.14 na mara 2.30. Hayapatani, na kwa hiyo ngoma nyingi hutoa mshindo kuliko noti. Mpigaji hodari huchagua mahali pa kupiga: katikati, ambapo msingi hutawala na sauti huwa nene, au ukingoni, ambapo yale masafa mengine huamka na sauti ikawa kali. Katika ngoma kadhaa za Afrika Mashariki hubandikwa pia bonge la nta au ulimbo katikati ya ngozi. Uzito huo hushusha sauti na kubadili uhusiano wa masafa.

Mtu wa kwanza kulieleza jambo la namna hii kwa lugha ya fizikia alikuwa Mhindi, C. V. Raman. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuamua kwamba ngoma haiwezi kutoa noti kamili. Raman, aliyekua akizisikia tabla na mridangamu za kwao, alijua kwa masikio yake kwamba jambo hilo si kweli. Mwaka 1920, pamoja na mwenzake, alieleza katika jarida la Nature kwamba lile duara jeusi lililopakwa katikati ya ngozi ya ngoma za Kihindi huyapanga masafa yake yakakaribia hesabu kamili za moja, mbili, tatu, nne, tano. Aliirudia kazi hiyo kwa kirefu mwaka 1934, akiwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1930 kwa utafiti wake juu ya nuru. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza habari hii kila mwaka. Raman hakungoja chombo kutoka ng'ambo. Kilikuwa kikilia nyumbani kwao.

Na huku kwetu mifano haikosekani. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, aliichukua ilimba mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya na kwingineko duniani. Ulimi wa chuma wa ilimba una sheria yake: ukiufupisha ukawa nusu, masafa hayawi mara mbili kama ya uzi, bali huwa mara nne, yaani oktavu mbili nzima. Kwa hiyo fundi husogeza ulimi kwa upana wa ukucha tu, akasikiliza, akasogeza tena. Kadhalika kwa Wagogo, muheme ni ngoma ipigwayo na wanawake. Nalitaja hili kwa sababu wazee wawili watatu kijijini walikuwa wakinong'ona kwamba binti hapigi ngoma kubwa. Milima michache tu upande wa magharibi, wanawake huipiga wakashangiliwa.

Tumrudie yule mzazi. Kazi ilipokwisha tuliketi chini ya mwembe wa shule. Binti alikuja na daftari lake la fizikia, akapiga magoti, akamwonyesha baba yake mchoro wa ngozi na vishale vya mkazo, na chini yake maneno aliyokuwa ameyanukuu: ngozi kavu ina kiburi. Mwalimu alikuwa ameyatia alama ya vema kwa wino mwekundu. Mzee alilishika daftari kwa muda mrefu. Sijui kama aliielewa ile kanuni iliyoandikwa hapo. Alielewa kwamba neno la baba yake, maana ndiye aliyemfundisha, limeandikwa katika daftari la shule na kusahihishwa.

Baada ya binti kuondoka akaniambia, "Mwalimu, nikuulize neno. Nafurahi, sikufichi. Lakini huyu ana mtihani wa taifa mwezi wa Novemba. Hii ngoma itamsaidia, au itamwangusha?"

Swali hilo lilistahili jibu la kweli, na jibu la kweli halifanani na yale yaandikwayo kwenye makasha ya vifaa vya watoto. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake wa Marekani waliripoti kwamba wanafunzi wa chuo waliosikiliza muziki wa Mozart kwa dakika kumi walifanya vizuri zaidi katika jaribio la kupanga maumbo akilini. Faida hiyo haikudumu zaidi ya takriban robo saa, lakini magazeti yalitangaza kwamba Mozart humfanya mtoto awe na akili. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia akapendekeza fedha za umma zitumike kumpa kila mtoto mchanga kanda ya muziki huo. Watafiti wengine walipolirudia jaribio, wengi hawakuyaona matokeo hayo, au waliyaona madogo, na wakaeleza kwamba msikilizaji alikuwa amechangamka tu. Mwaka 2004 Glenn Schellenberg wa Kanada aliwagawa watoto 144 wa miaka sita katika makundi: muziki, maigizo, na wasiofundishwa lolote. Waliosoma muziki walipanda kidogo katika vipimo vya akili kuliko wenzao, kidogo kweli. Tangu hapo Giovanni Sala na Fernand Gobet wamekusanya tafiti nyingi za namna hiyo, na katika uchambuzi wao wa mwaka 2020 walionyesha kwamba kadiri utafiti unavyofanywa kwa uangalifu, ndivyo faida ya muziki kwa hesabu na kusoma inavyokaribia sifuri.

Kwa hiyo nilimwambia: Mzee wangu, ngoma haitamfanyia mtihani. Inamfunza kusikia tofauti ndogo za sauti, kushika mapigo, na kufanya kazi na wenzake bila mmoja kumtangulia mwingine. Hayo ni ya thamani kwa yenyewe. Ama lile alama nyekundu ulilolionyeshwa, halikutokana na uchawi wa muziki kuupanua ubongo. Limetokana na mtoto aliyeuliza swali juu ya kitu anachokipenda, na mzazi aliyekuwa na jibu. Saa zake za kusoma zihesabu, saa za mazoezi zihesabu, na baada ya mashindano ngoma ipumzike mpaka mtihani upite.

Alifikiri, akasema, "Basi ipumzike. Lakini isipigwe na panya. Nitakuja kuifunika mwenyewe."

Siwezi kuliacha jambo hili bila kusema neno juu ya shule zetu. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza kama Rais wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wengi wetu tumejifunza kucheza rumba na chachacha, lakini ni wachache waliopata hata kuzisikia gombe sugu, mangala au lelemama. Naye siku hiyo akaunda wizara ya kushughulikia utamaduni. Tangu wakati huo muziki shuleni umepanda na kushuka. Ulipata nguvu katika mchakamchaka na halaiki, ukafifia kila mtihani ulipoonekana kuwa ndiyo elimu yote. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeingiza sanaa na michezo katika masomo ya shule za msingi. Ni hatua njema. Lakini somo bila vyombo ni maneno matupu, na mafundi wa vyombo hawapatikani katika orodha ya walioajiriwa. Wapo vijijini, na wengi wao ni wazazi wa wanafunzi hao hao.

Miti nayo ina hesabu yake. Mizinga ya ngoma huchongwa aghalabu kutoka mninga, na misitu ya miombo ya Kilosa ina mninga, ingawa mikubwa inazidi kuwa adimu kwa sababu ya mbao na mkaa. Katika mbuga hizo hizo humea mpingo, ambao ndio mti unaotafutwa na watengenezaji wa klarineti na zumari za Ulaya kwa kuwa ni mzito kiasi cha kuzama majini, hauvutiki ovyo kwa unyevu, na hung'arika vizuri. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kufaa kuvunwa. Tangu mwaka 2017 biashara yake kati ya nchi na nchi imewekwa chini ya mkataba wa CITES. Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya uzamivu nilikutana na mpiga klarineti aliyekuwa amekishika chombo chake kwa miaka kumi na mitano bila kujua kwamba mti wake yamkini ulikua Tanzania. Nasi tunao wanafunzi waliokulia chini ya mpingo ambao hawajapata kuiona klarineti.

Kwa walimu ninalo ombi moja dogo la afya: mazoezi ya ngoma na tarumbeta yasifanyike katika chumba kilichofungwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika sauti ya desibeli 80, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupunguzwa nusu. Kwa desibeli 92 zinabaki saa mbili na nusu kwa wiki nzima. Kwa watoto kipimo ni kidogo zaidi. Uwanja ni bora kuliko darasa.

Mwisho, jaribio ambalo shule yoyote yaweza kulifanya. Kata tete au mwanzi mwembamba wenye tundu la upana wa sentimita moja, na liache fundo lake lizibe upande mmoja; urefu wa ndani uwe sentimita 24.7. Mdomo wa bomba una tabia ya kulirefusha kwa takriban milimita tatu, kwa hiyo kwa sauti ni sawa na sentimita 25. Bomba lililozibwa upande mmoja hutoa masafa yaliyo sawa na kasi ya sauti ikigawanywa kwa urefu wake mara nne. Na kwa kuwa robo mita mara nne ni mita moja, masafa ya bomba hili kwa hezi huwa ndiyo kasi ya sauti kwa mita kwa sekunde. Usilipulize, maana midomo ikiliziba nusu hushusha sauti. Ligonge mdomoni kwa kidole, na pima kwa simu yenye programu ya kupimia sauti. Alfajiri mlimani, hewa ikiwa nyuzi 15 za Selsiasi, yapasa kupata karibu 340. Adhuhuri bondeni kwa nyuzi 30, karibu 349. Pima na ngoma ya shule nyakati hizo hizo, na uandike kando hali ya hewa: umande, mawingu, jua. Bomba litafuata joto. Ngoma itafuata unyevu, na siku ya mvua namba hizo mbili zitaachana kabisa.